Leseni ya Udaktari ya Uingereza kwa Aliyesomea Nje

Anayeamua nani atibu wagonjwa Uingereza si wizara ya afya, wala si hospitali inayotangaza kazi. Ni Baraza Kuu la Madaktari, ambalo madaktari wenyewe hulitaja kwa herufi zake tatu, GMC. Mamlaka yake yanaenea England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Daftari la baraza hilo liko wazi mtandaoni: mgonjwa anaweza kuandika jina la daktari wake akaona alihitimu chuo gani, alisajiliwa lini na kama ana leseni ya kutibu.

Sheria iliyounda baraza hili ilipitishwa mwaka 1858. Wakati huo Uingereza ilikuwa na vyombo 19 vya kutoa vyeti vya utabibu, kila kimoja na vigezo vyake, na mitaani walijaa watu waliouza dawa bila kusomea chochote. Bunge lilitaka mwananchi anayehitaji tiba aweze kumtofautisha aliyesoma na asiyesoma. Kusudi hilo ndilo linaloeleza ukali wa taratibu zote zilizofuata. Hazikutungwa kumkomoa mwombaji. Zilitungwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye hana namna ya kukagua vyeti vya mtu aliyemshika mkono.

Anayehesabiwa kuwa amesomea nje ni nani? Kinachoangaliwa ni chuo, si uraia. Mtanzania aliyehitimu Leeds hayamhusu mengi ya haya. Mwingereza aliyesomea Bugando, Mwanza, anapita mlango uleule wa Mtanzania aliyeketi naye darasani. Wahitimu wa nchi kadhaa za Ulaya wana utaratibu wao mwepesi zaidi, ambao makala hii haiufuati; hapa tunamfuata daktari aliyehitimu Muhimbili, Nairobi, Makerere, KCMC, Lubumbashi, au yule aliyesomea China na kurudi nyumbani.

Mlango huo haukuwa mgumu hivi tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 1886 iliruhusu digrii za makoloni na za nchi nyingine zitambuliwe kwa kubadilishana, na kwa msingi huo cheti cha udaktari cha Makerere kilikuja kutambuliwa na GMC katika miaka ya 1950. Miaka ya 1970 mambo yakabadilika. Kamati iliyoongozwa na Alec Merrison ilitoa ripoti mwaka 1975 ikieleza wasiwasi juu ya tofauti kubwa ya viwango kati ya madaktari waliotoka nje, na mwaka huohuo mtihani wa kwanza wa lugha na utabibu ukaanza. Mtihani huo ndio uliozaa PLAB ya leo, mtihani wa GMC kwa waliosomea nje. Kwa baadhi ya vyuo vya nchi za Jumuiya ya Madola usajili bila mtihani uliendelea hadi mwaka 2003.

Anayeona kero katika ukaguzi wa vyeti na aisome kesi ya Zholia Alemi. Alisajiliwa mwaka 1995 kupitia njia hiyo ya Jumuiya ya Madola, akidai kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Hakuwa amehitimu. Kwa karibu miaka 20 alifanya kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, akiandikia watu dawa nzito na kuamua nani alazwe bila ridhaa yake. Alipofichuliwa mwaka 2018, GMC ililazimika kupitia upya faili za madaktari wapatao 3,000 walioingia kwa njia ileile, na mwaka 2023 mahakama ya Manchester ikamhukumu kifungo cha miaka saba. Madaktari hao 3,000 hawakuwa na kosa lolote, ila vyeti vyao viliangaliwa upya kwa sababu ya mtu mmoja.

Karatasi kabla ya mtihani

Madaktari wengi wa kwetu huanza safari hii kwa kununua maswali ya PLAB. Nadhani hapo ndipo wanapopoteza muda. Mtihani una tarehe, na ukishindwa unarudia. Karatasi hazina tarehe: zinasubiri sahihi ya mtu aliye ofisini kwake kilomita 7,000 kutoka Manchester, iliko ofisi ya GMC, na mtu huyo hana sababu ya kuharakisha. Kwa hiyo karatasi zianze.

Ya kwanza ni jina. Kwetu pwani na sehemu kubwa ya Tanzania mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Waingereza wanataka jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Tuseme daktari anaitwa Salma Khamis Juma. Cheti cha kuzaliwa kinasema Salma Khamis. Cheti cha kidato cha nne kinasema Salma H. Juma, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu aliandika Hamisi. Kitambulisho cha taifa kinasema Salma Hamis Juma. Pasipoti ina Juma kama jina la ukoo, na digrii imeandikwa jina la mume kwa sababu aliolewa mwaka wa nne wa masomo. Kwa jirani zake huyu ni mtu mmoja asiye na shaka. Kwa karani wa Manchester ni watu watatu au wanne, na kazi yake ni kukataa mpaka athibitishiwe vinginevyo.

Dawa yake ni kulinganisha kila kitu na pasipoti kabla ya kufungua akaunti yoyote. Tofauti ndogo hufungwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubwa zaidi huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na jina la ndoa huhitaji cheti cha ndoa chenye tafsiri iliyothibitishwa ikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni majina matatu katika kompyuta. Ukichagua moja, lishike hilo katika mtihani wa lugha, katika PLAB, katika barua ya hospitali na katika tiketi ya ndege.

Ya pili ni uthibitisho wa digrii. Tangu Juni 2018 GMC haipokei digrii ya nje kwa kuiangalia tu. Inataka chuo chenyewe kikiri kwamba kiliitoa. Kazi hiyo hufanywa na ECFMG, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1956 yenye makao yake Philadelphia, kupitia mfumo wake uitwao EPIC. Daktari anafungua akaunti, anathibitisha utambulisho wake kwa njia ya video mbele ya mthibitishaji akiwa na pasipoti mkononi, kisha anapandisha nakala ya digrii. ECFMG inaituma nakala hiyo moja kwa moja kwa ofisa wa chuo aliyeidhinishwa. Ofisa anafungua masijala, analinganisha, anatia sahihi na kurudisha. Mwombaji mwenyewe haruhusiwi kuigusa karatasi hiyo katikati ya njia, na hilo ndilo linaloipa thamani.

Kabla ya hapo chuo lazima kiwe katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, nacho kiwe kinakubaliwa na GMC. Hili humgusa zaidi aliyesomea vyuo vya binafsi vya nje vilivyojitangaza kwa mawakala wa wanafunzi. Kuorodheshwa hakumaanishi kukubaliwa; GMC ina orodha yake ya vyuo ambavyo digrii zao haizipokei, na tovuti yake inaeleza wazi.

Mkwamo wa EPIC karibu wote uko nyumbani. Barua pepe ya ECFMG inatua katika anwani ya mkuu wa kitivo aliyestaafu. Au ofisa mpya anaidhani ni utapeli na kuifuta. Au ada ya uthibitisho ya chuo haijalipwa na hakuna aliyemwambia mwombaji. Anayejua mambo huenda mwenyewe masijala kabla hata ya kutuma maombi, anauliza ni nani anayeshughulikia EPIC, anaacha namba ya simu na anakwenda tena. Aliyekwisha kuondoka nchini huhitaji ndugu au rafiki wa kumfanyia hivyo, na si kila rafiki ana subira ya masijala.

Kiingereza cha vitabu na Kiswahili cha wodini

Kila mwombaji lazima aonyeshe kwamba anajua Kiingereza. Wengi hutumia IELTS ya kitaaluma, ambapo GMC inataka wastani wa 7.5 na isipungue 7.0 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, vyote katika mtihani mmoja. Wengine hufanya OET, mtihani uliotungwa kwa watumishi wa afya, na humo hutakiwa daraja B katika kila sehemu. Matokeo hudumu miaka miwili. Ninavyoona, OET humfaa zaidi daktari, kwa kuwa barua anayoandika humo ni ya rufaa ya mgonjwa na mazungumzo ni ya mgonjwa na daktari, wakati IELTS inaweza kumwuliza maoni yake juu ya usafiri wa mijini. Katika IELTS kinachoangusha mara nyingi ni kuandika. Mtu anapata 8 katika kusikiliza na 6.5 katika kuandika, na anarudia yote.

Wahitimu wetu huuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini nifanye mtihani wa Kiingereza wakati nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza? Kanuni za GMC zinampa nafuu mtu ambaye digrii yake ni ya karibuni na ilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ila zimeweka sharti moja: angalau asilimia 75 ya mazungumzo ya kitabibu wakati wa masomo, yaani na wagonjwa, ndugu zao na watumishi wengine, yawe yalifanyika kwa Kiingereza. Hapo mhitimu wa Tanzania anasimama. Profesa alifundisha kwa Kiingereza, faili liliandikwa kwa Kiingereza, lakini mama aliyelazwa Mwananyamala alisema tumbo linamsokota, na daktari akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Hakuna chuo cha Tanzania kinachoweza kuandika barua ya kweli inayosema robo tatu ya mazungumzo ya wodini ilikuwa Kiingereza, wala hakistahili kuombwa kuiandika. Sharti hili ni la haki. Kumsikiliza mgonjwa ni ujuzi mwingine kabisa na kusoma kitabu, na daktari aliyejifunza kusikiliza kwa Kiswahili atalazimika kujifunza upya kwa lugha ya Yorkshire.

PLAB

Mtihani wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni karatasi ya maswali 180 ya kuchagua jibu lililo bora, kwa saa tatu. Hufanyika Uingereza na katika miji kadhaa ya nje. Tangu mwaka 2024 maudhui yake yamelinganishwa na mtihani wanaofanya wahitimu wa Uingereza wenyewe. Hauulizi mambo ya ajabu; unauliza kile ambacho daktari wa mwaka wa pili kazini hukutana nacho. Ugumu wake kwa mtu wa kwetu ni kwamba majibu yanafuata miongozo ya tiba ya Uingereza. Homa kwa mtu mzima anayeishi Birmingham si malaria mpaka aseme amesafiri. Shinikizo la damu lina ngazi zake za dawa kulingana na umri na asili ya mgonjwa, na dawa uliyozoea kuanza nayo kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye duka la hospitali inaweza kuwa jibu la tatu kati ya matano. Aliyefaulu sehemu hii ana miaka miwili ya kufaulu ya pili, na kila sehemu huruhusiwa kufanywa mara nne kwa kawaida.

Sehemu ya pili hufanyika Manchester pekee. Visa ya mgeni ya kawaida huruhusu kwenda kuifanya. Ada yake inakaribia pauni 1,000, mara tatu ya sehemu ya kwanza na zaidi, na bado hujahesabu nauli, malazi na mafunzo ya maandalizi ambayo wengi hulipia.

Ukiwa pale, unasimama kwenye korido mbele ya mlango. Mlangoni pamebandikwa karatasi: umri wa mgonjwa, tatizo kwa ufupi, na unachotakiwa kufanya. Una dakika moja na nusu ya kuisoma. Kengele inalia, unaingia. Ndani yupo mwigizaji aliyefundishwa kuwa mgonjwa huyo, na pembeni ameketi msahihishaji ambaye hatasema neno. Una dakika nane. Kengele inalia tena, unatoka, unasimama mbele ya mlango mwingine. Vituo ni 16.

Kila kituo kina alama katika maeneo matatu, sifuri hadi nne kila moja: kukusanya habari na kupima, kupanga tiba, na namna unavyoishi na mtu aliye mbele yako. Eneo la tatu lina uzito sawa na mawili ya kwanza. Mwenye kujua dawa zote lakini akamkatiza mgonjwa mara tatu anapoteza theluthi ya alama zilizokuwapo. Tena kukusanya jumla ya kutosha hakutoshi. Lazima ufaulu idadi maalumu ya vituo, ili mtu asifidie kwa vituo vyepesi mambo ambayo hawezi kabisa.

Madaktari wetu wenye ujuzi mzuri huangukia katika eneo hilo la tatu, na sababu zake zinaeleweka. Aliyefanya kazi katika hospitali ya wilaya ameona makumi ya wagonjwa kabla ya saa nane mchana. Amejifunza kuuliza maswali machache yanayokata na kuandika dawa. Manchester inataka amwulize mgonjwa yeye mwenyewe anadhani ana nini, anahofia nini, na angependa asaidiwe vipi. Mwanamke anayelalamika kuumwa kichwa hatakwambia kwamba mdogo wake alifariki kwa uvimbe wa ubongo mpaka umwulize anachohofia. Mwigizaji amelishika jambo hilo moyoni, na asipoulizwa, haliondoki.

Kingine ni siri ya mgonjwa. Kwetu familia huzunguka kitanda, na habari mbaya mara nyingi humfikia kwanza mtoto mkubwa au mume, kwa nia njema ya kumpunguzia mgonjwa uzito. Uingereza habari ni ya mgonjwa, na ndugu huambiwa kwa ruhusa yake. Binti wa miaka 15 anayeomba vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kuvipata bila wazazi kujua, ikiwa daktari ameridhika kwamba anaelewa jambo lenyewe; msingi wake ni uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mabwana wa House of Lords, katika kesi ya Gillick ya mwaka 1985. Daktari anaweza kuwa na imani yake juu ya hilo. Katika kituo chenye kisa kama hicho anapimwa kama anaijua sheria na kama anaweza kumsikiliza binti huyo bila kumhukumu, akiwa macho pia kuuliza kama kuna mtu mzima anayemtumia.

Utarajali na mwenendo

Anayetaka usajili kamili lazima awe amekwisha kufanya utarajali wa miezi 12 mfululizo, ndani yake ikiwemo angalau miezi mitatu ya tiba ya ndani na miezi mitatu ya upasuaji. Utarajali wa Tanzania, Kenya na Uganda huchukua mwaka mmoja, na kwa kawaida humo mna idara hizo mbili. Ushauri wangu kwa wanaomaliza chuo na kukimbilia nje ni huu: maliza utarajali nyumbani. Bila huo mwombaji hupewa usajili wa muda, ambao unamruhusu kufanya kazi za mwaka wa kwanza tu, na nafasi hizo karibu zote ni za wahitimu wa Uingereza. Wapo waliofaulu PLAB zote mbili wakabaki na cheti kisichowapeleka popote.

Barua ya utarajali iandikwe ikiwa na tarehe halisi za kuanza na kumaliza kila idara, na mkuu wa hospitali atie sahihi na muhuri. Tarehe zinazogongana, kwa mfano watoto kuanzia tarehe 1 Machi wakati upasuaji unaishia tarehe 14 Machi, huamsha maswali. Mapengo pia. Kama ulikuwa likizo ya uzazi au uliugua, liandikwe. Likizo haimnyimi mtu usajili; kuificha kunaweza.

Kisha kuna cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa kila baraza la madaktari ulikosajiliwa au kufanya kazi katika miaka mitano iliyopita: Baraza la Madaktari Tanganyika, la Zanzibar ikiwa ulifanya kazi visiwani, la Kenya, la Uganda, na kadhalika. Cheti hiki hudumu miezi mitatu tu tangu kutolewa. Ndiyo sababu huombwa mwishoni, kila kitu kingine kikiwa tayari. Aliyeomba mapema ili ajisikie amepiga hatua ataliomba baraza lilelile mara ya pili, na safari hii karani atamkumbuka.

Fomu ya GMC inauliza pia kama umewahi kushtakiwa, kuadhibiwa na mwajiri, kusimamishwa, au kama una maradhi yanayoweza kuathiri kazi. Kujibu kweli hata jambo la aibu mara nyingi husamehewa, au angalau husikilizwa. Uongo katika fomu hii hausameheki kirahisi, kwa kuwa daktari anayedanganya baraza lake anadhaniwa ataweza kudanganya faili la mgonjwa.

Njia nyingine zipo, na watu hawaziulizi. Aliyefaulu mitihani ya vyuo vya kifalme vya tiba, kama MRCP ya tiba ya ndani au MRCS ya upasuaji, anaweza kusajiliwa bila PLAB. Kwa daktari ambaye tayari anasomea ubingwa nyumbani, njia hii ni ya heshima zaidi, kwa maana mtihani huohuo unamfaa hata asipoondoka. Ipo pia njia ya udhamini, ambapo chuo cha kifalme au hospitali iliyoidhinishwa inamthibitisha daktari kwa muda. Humo ndimo ulipo mpango wa MTI, unaomleta daktari kujifunza kwa muda usiozidi miezi 24 kisha arudi kwao. Naamini huu ndio mpango unaostahili kujulikana kuliko yote katika hospitali zetu za rufaa, kwa sababu unaleta ujuzi bila kuchukua mtu. Daktari bingwa aliyekamilika, naye, anaweza kujenga faili la ushahidi wa kazi zake na kuomba kuingia katika daftari la mabingwa moja kwa moja. Njia hiyo, iliyokuwa ikiitwa CESR, siku hizi inahesabu zaidi kile alichofanya kuliko mahali alikofunzwa.

Usajili, leseni, na kazi

Tangu Novemba 2009 usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili unasema wewe ni daktari. Leseni inakuruhusu kutibu, kuandika dawa na kutia sahihi cheti cha kifo. Anayeomba huchukua vyote pamoja, kwa ada inayozidi pauni 400, na hupewa namba ya tarakimu saba atakayoishi nayo kazini. Leseni lazima ihuishwe kila miaka mitano, utaratibu ulioanza Desemba 2012. Mpaka uhuishaji wa kwanza upite, daktari mpya kutoka nje lazima afanye kazi mahali palipoidhinishwa na kusimamiwa, si katika zahanati yake mwenyewe.

Leseni haiji na kazi. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu kuna vijana waliouza kiwanja cha familia kulipia safari hii wakidhani hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, zinawasubiri. Miaka michache iliyopita zilikuwa zikiwasubiri. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya madaktari wapya kwenye daftari la GMC wamekuwa wahitimu wa nje. Sasa wingi wa waombaji umeifanya nafasi moja ya daktari mdogo kugombewa na mamia, na mpango wa afya wa miaka kumi uliotangazwa na serikali mwaka 2025 unawapa wahitimu wa Uingereza kipaumbele katika mafunzo ya ubingwa. Anayetaka kwenda ahesabu akiba ya kukaa muda mrefu bila mshahara, tena awe na kazi nyumbani anayoweza kuirudia.

Katika pengo hilo ndimo wanamoingia mawakala. Sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi, na maombi ya GMC hujazwa na daktari mwenyewe kupitia akaunti yake. Mtu anayedai kuwa na njia ya ndani ya baraza anauza kitu ambacho hana.

Kuna jambo lingine ambalo kila daktari wa kwetu huulizwa, na mama yake ndiye anayeuliza kwanza: na sisi tutatibiwa na nani? Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uajiri wa watumishi wa afya mwaka 2010, na mwaka 2023 likataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa ambazo hazipaswi kuendewa na waajiri wa nje. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Kenya haimo, na mwaka 2021 ilitia sahihi makubaliano na Uingereza kuhusu watumishi wa afya. Kanuni hizi zinamtaka mwajiri asije kuvua madaktari kwetu; hazimfungi daktari anayeomba mwenyewe. Sioni haki ya kumlaumu kijana aliyehitimu, akamaliza utarajali, akakaa nyumbani akisubiri ajira ya serikali isiyotangazwa. Lawama hiyo ina mwenyewe, na si yeye.

Anayekwenda asiache usajili wake wa nyumbani ufe. Kenya, kwa mfano, leseni huhuishwa kila mwaka na huhitaji pointi za mafunzo endelevu, na pointi za mafunzo aliyoyapata nje zinaweza kuwasilishwa zikiwa na vyeti. Akirudi, baraza la kwao litamtaka alete kutoka GMC cheti kinachoonyesha hadhi yake kitaaluma, na GMC itakipeleka moja kwa moja kwa baraza hilo. Kama alipata ubingwa huko, hautambuliki wenyewe. Atauombea tathmini nyumbani akiwa na mtaala, muda aliotumikia kila idara na daftari la kazi alizofanya, zenye sahihi za waliomsimamia. Daftari hilo likusanywe kila mwezi akiwa bado yuko huko, kwa kuwa wasimamizi huhama hospitali na wengine hustaafu.